Msichana Aliyehesabu Wageni

Siku watu wa Keringet walipokuja kumposa Chepkemei, sakafu ya nyumba ya Mzee Micah pale Njoro ilikuwa imesiribwa upya kwa kinyesi cha ng'ombe, ikakauka ikawa nyororo kama meza. Mama yake alikuwa amezunguka tangu alfajiri kana kwamba anakuja Gavana. Wacha Gavana! Gavana angekuja, mama yule angelala mpaka jua lichomoze.

Chepkemei alikuwa nyumbani kwa likizo ndefu kutoka Makerere. Alishuka stesheni ya Nakuru na sanduku lake la bati, na tangu siku hiyo watu wa shamba lile la ngano walimtazama kama kitu cha maonyesho. Binti ya Micah, seremala wa mzungu, anasomea hesabu! Si ualimu, si uuguzi, si ushonaji. Hesabu peke yake, na mwaka mmoja tu ulibaki apate digrii. Bwana shamba mwenyewe, ambaye alikuwa amemtumia Micah miaka nenda miaka rudi bila kujua jina la baba yake, siku moja alisimamisha gari njiani akauliza kwa kile Kiswahili chao cha kupasulia kuni, "Wewe nasoma hesabu ya nini? Nataka hesabu maziwa yangu?" Chepkemei akamjibu kwa Kiingereza kilichonyooka kwamba maziwa yake anaweza kuyahesabu mtu yeyote, hata yeye mwenyewe. Micah aliposikia jibu hilo alishikwa na hofu ya kufukuzwa kazi. Kisha akaenda nyuma ya karakana, akacheka peke yake mpaka akaketi chini.

Lakini hao wazungu wamekula nafasi ya kutosha katika maisha yetu. Leo tuzungumze mapenzi.

Kijana aliyeuteka moyo wa Chepkemei aliitwa Kiprugut. Alifanya kazi ya kudunga sindano ng'ombe na kuwapitisha kwenye josho katika mashamba ya kuanzia Njoro mpaka Molo. Alikuwa mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyezoea kushindana na fahali, na sauti nzito iliyofanya safu nzima ya nyuma kanisani itetemeke wakati wa nyimbo. Wasichana walimtaka kwa mabega na sauti. Chepkemei alimpenda kwa jambo jingine kabisa. Kila alipokuja likizo, wavulana wengine walimwuliza Kampala kukoje, wanakula nini, wanacheza dansi gani. Kiprugut alimwuliza, "Umejifunza nini?" Akiisha kuuliza, alikaa kwenye gogo, akaweka kofia gotini, akasikiliza. Nusu ya maneno hakuyaelewa, na hakujifanya ameelewa. Akiona uso wa Chepkemei unavyowaka, alisema tu, "Endelea, endelea, usinihurumie." Msichana atampata wapi mwingine wa namna hiyo?

Basi siku hiyo wageni walifika kabla ya saa sita, wameshushwa na lori la pareto pale njia panda. Mbele alitangulia baba mdogo wa Kiprugut, Mzee Naftaly, mtu wa tumbo na vicheko.

"Chamgei!" alinguruma mlangoni. "Bamwai, tumefika! Ng'ombe wetu amepotea, tumefuata nyayo zake, zimeingia humu!"

Hilo la bamwai ndilo jina wanaloitana wakwe, na Naftaly alikuwa analitumia kabla hata hajaonyeshwa kiti.

"Chamgei mising," Micah akamjibu akicheka. "Karibuni ndani. Ng'ombe wa watu hawapotei hapa, labda wapende malisho."

Nyuma ya Naftaly aliingia Mama Rahab, mama yake Kiprugut. Alikuwa mjane mrefu, mgongo wake haujainama hata kidogo, na macho yake yalitazama kitu mpaka kitu chenyewe kione haya. Alikuwa amemshika mkono Chepchirchir, mke wa kaka yake Kiprugut, aliyekuwa na mimba kubwa. Mimba zake za awali zote zilikuwa zimeharibika, na hii ndiyo ya kwanza kufika mbali hivyo. Keringet nzima ilijua, na Keringet nzima ilikuwa imefunga mdomo. Baadaye wakaingia mashangazi na watoto wao, wameoshwa wakang'aa, na mwisho kabisa Kiprugut, akiwa na koti la kuazima lenye mikono iliyoishia juu ya viwiko.

Chepkemei alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani. Macho yao yalikutana juu ya kichwa cha Naftaly. Kiprugut akalivuta lile koti, akashindwa, akatabasamu. Moyo wa Chepkemei uliruka kama ndama aliyefunguliwa asubuhi.

Mambo yalikwenda vizuri. Mursik, yale maziwa ya mgando ya Kikipsigis, ilimiminwa kutoka kwenye kibuyu, nzito, ina rangi ya mkaa wake, na Mama Rahab alionja akatikisa kichwa kwa kukubali. Mama yake Chepkemei karibu alie kwa furaha. Sala ilisomwa. Naftaly akaanza yale maneno ya kuzunguka mbali, mvua, malisho, ugonjwa wa miguu, kabla ya kukaribia jambo lenyewe. Mama yake Chepkemei akamnong'oneza binti yake, "Chai sasa. Angalia vikombe visipungue."

Hapo ndipo msichana alipoharibu.

Hakuwa na nia mbaya hata chembe. Alikuwa na furaha tu, na mtu mwenye furaha husahau yuko wapi. Alisimama katikati ya mlango, akanyoosha kidole, akaanza kukipitisha juu ya wageni mmoja baada ya mwingine, akihesabu kwa sauti, kama alivyozoea kule chuoni wakigawana chai na wenzake. Alimwelekezea kidole Naftaly, kisha mashangazi, kisha watoto waliojipanga kwenye mkeka. Alipofika kwa Chepchirchir alicheka, akamwelekezea kidole tumbo.

"Na huyu naye?" akasema. "Nimhesabu sasa au nimngoje atoke?"

Shangazi mmoja alimvuta mtoto wake akamficha ndani ya shuka. Chepchirchir aliweka mikono yote miwili tumboni.

Kwa Wakipsigis, watu hawahesabiwi kwa kidole na mdomo. Ng'ombe pia hawahesabiwi. Unawajua. Jioni wakirudi unasimama langoni, unatazama rangi na pembe na mwendo, na unajua kama kuna aliyebaki msituni. Mwenye kuita idadi ya walio hai anawaonyesha njia ya kupungua. Chepkemei aliyajua hayo tangu ananyonya, na ndiyo sababu aliumia zaidi. Shule za bweni na chuo vilikuwa vimemchukua akiwa mdogo, vikampa mengi, na kumbe kidole chake kilikuwa kimejifunza tabia ambayo hakukituma.

Mama Rahab aliweka chini bilauri ya mursik. Haikutoa sauti.

"Naftaly," akasema, "inuka. Twende."

"Twende wapi, shemeji? Lori halirudi mpaka jioni."

"Tutangoja njiani."

Kama aliyesikia, Mungu akafungulia mvua ya Njoro juu ya mabati, ile mvua inayoteremka kutoka Mau bila kubisha hodi. Naftaly akatazama juu, akatazama tumbo lake, akabaki ameketi.

"Mama Kiprugut," Micah akaanza, "huyu ni mtoto, amekaa sana na wageni..."

"Simchukii mtoto wako, Mzee Micah. Ni mzuri, ana adabu ya uso, na maziwa ya nyumba hii ni maziwa." Mama Rahab alisimama, mkono wake umemshika mkwe wake mjamzito. "Lakini nimesikia kwamba huko Kampala anasomea hayo hayo aliyoyafanya hapa. Mimi nilidhani ni maneno ya watu. Sasa nimeona. Kama ataiacha hiyo hesabu leo, abaki nyumbani, hata kesho tuzungumze ng'ombe. Asipoiacha, Kiprugut atafute mlango mwingine. Sitaingiza nyumbani kwangu mtu wa kuhesabu. Jikoni ni wapi? Nitakaa na wanawake."

Akatoka, akiinama kwenye mvua, na Chepchirchir nyuma yake.

Kiprugut alimkuta Chepkemei nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa mabati, karibu na pipa lililokuwa likifurika. Alikuwa analia bila sauti na kujipangusa kwa ukingo wa kitambaa.

"Nipige," akasema Chepkemei bila kugeuka. "Nipige kofi nipate nafuu."

"Nikupige na koti hili? Litapasuka, na mwenyewe yuko Molo."

Alicheka katikati ya machozi, akakasirika kwa kucheka. "Kiprugut, si wakati wa mzaha!"

"Najua. Nikiacha mzaha nitalia na mimi, na mama atasikia."

Walisimama hivyo, bega karibu na bega, hawagusani. Harufu ya sabuni na dawa ya josho ilimfikia kutoka kwenye shingo yake. Chepkemei alitamani kuinamisha kichwa pale na kulala mpaka mambo yote yapite.

"Na wewe mwenyewe," akasema, "kazi yako si kuhesabu ng'ombe? Kutwa unashinda kwenye josho unahesabu. Mama yako hajui?"

"Anajua."

"Basi?"

"Ng'ombe wa wazungu," Kiprugut akasema kwa uso mkavu. "Mama anasema hao niwahesabu hata mara mbili."

Safari hii walicheka wote wawili, wameziba midomo. Kisha kicheko kikawaishia, ikabaki mvua.

"Sikiliza," Kiprugut akasema polepole. "Mwambie umeacha. Mwambie utabaki. Koito ifanyike, mahari yakubaliwe, tufunge ndoa kanisani, halafu shule zikifunguliwa nitakusindikiza mimi mwenyewe stesheni. Akijua, umeshakuwa mke wangu. Atanuna, lakini atafanya nini?"

Chepkemei akamgeukia. Alimtazama kwa muda mrefu, yule kijana aliyempenda, na matone ya mvua kwenye kope zake.

"Unataka nianze na mama yako kwa uongo?"

"Nataka nisikukose!"

"Na mimi sitaki nikukose. Lakini kazi ninayosomea, Kiprugut, ina sharti moja tu: usiandike mstari ambao hujui kama ni kweli. Ukiandika mmoja wa uongo, yote yanayofuata yanaoza. Nitakaa vipi nyumba moja na mama yako, nasaga naye, nakamua naye, na mstari wa kwanza ni uongo?"

"Basi acha kweli," akasema, na sauti yake nzito ikapasuka. "Mwaka mmoja tu, Chepkemei. Umesoma sana tayari. Kuna nini katika huo mwaka ambacho ni kikubwa kuliko mimi?"

Alijuta neno hilo kabla halijaanguka chini. Chepkemei alirudi nyuma hatua moja, mvua ikampiga bega.

"Kila mara umeniuliza nimejifunza nini," akasema taratibu. "Nilidhani ulikuwa unataka kujua."

"Nilitaka. Nataka."

"Basi usiniulize nichague kati ya mkono wa kulia na wa kushoto. Mimi sijakuambia uchague kati yangu na mama yako."

"Unakwenda wapi?"

"Jikoni."

"Atakula nyama yako mbichi!"

"Aile," Chepkemei akasema, na akaingia kwenye mvua.

Jikoni kulikuwa na moshi na joto. Chepchirchir alikuwa ameegemea ukuta, miguu ameinyoosha kuelekea moto. Mama Rahab alikuwa amekalia kigoda, na kwa sababu mwanamke wa Keringet hawezi kukaa na mikono mitupu hata akiwa na hasira, alikuwa ameomba ungo wa maharagwe akawa anachagua mawe. Mama yake Chepkemei alipomwona binti yake anaingia, alishika kichwa, akatoka na sufuria ambayo haikuhitaji kupelekwa popote.

Chepkemei alipiga magoti mbele ya Chepchirchir kwanza.

"Dada, nisamehe. Mdomo wangu ulitangulia akili."

Chepchirchir alimtazama mama mkwe wake kwa pembe ya jicho, kisha akasema kwa sauti ndogo, "Ulipomtaja aliruka. Tangu jana alikuwa kimya, nilikuwa na hofu, sikumwambia mtu. Uliponyoosha kidole akanipiga teke hapa." Akagusa ubavu. "Bado anapiga."

"Nyamaza wewe," Mama Rahab akasema, lakini mkono wake ulikuwa umeshaenda wenyewe kugusa tumbo. Ulikaa pale. Ukarudi kwenye maharagwe. "Na wewe, inuka magotini. Hapa si kanisani. Umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kuomba msamaha, mama. Na nimekuja kukuambia kwamba sitaacha masomo. Nimeona uyasikie kutoka kwangu, si kwa mtu mwingine."

Mawe mawili yalitupwa motoni kabla mama hajajibu.

"Unajua kifagio?" akauliza.

"Nimesikia kikitajwa."

"Umesikia kikitajwa. Haya, keti." Alisogeza ungo. "Nilikuwa msichana, bado sijaolewa. Tulikaa kwa mzungu mmoja huko juu ya Molo. Baba yangu alifanya kazi, akaruhusiwa kulisha. Alikuwa na ng'ombe, sikuambii wangapi, walijaza kilima. Siku moja mzungu akaja na askari na fimbo. Akasimama langoni kwa zizi letu. Kila ng'ombe aliyepita alimgonga mgongoni na fimbo, akasema kwa sauti. Akagonga, akasema. Baba yangu aliziba masikio. Walipokwisha kupita, yule mtu akasema, hawa wachache ni wenu, waliobaki wamezidi. Wamezidi! Nani amezidi? Mimi niliwajua wote, kila mmoja na jina lake. Wakafagiwa. Ndiyo maana tukaita kifagio."

Alichukua haragwe moja, akalitazama kama lina kosa.

"Nilikuwa na ndugu mdogo, bado hajatembea. Maziwa yakaisha. Na yeye akaisha. Baadaye tena wakaja kuhesabu vibanda, kisha wakahesabu watu. Kila aliyetuhesabu, binti yangu, aliondoka na kitu. Sijamwona hata mmoja aliyehesabu akaleta. Sasa mwanangu ananiambia anampenda msichana anayesomea kazi hiyo."

Kuna watu hadi leo watakuambia mambo hayo yalikuwa madogo, yamepita, ya nini kuyafukua. Waulize ndugu yao gani alikufa kwa kukosa maziwa ambayo yalikuwa yake. Chepkemei hakuwa mmoja wao. Aliinamisha kichwa.

"Mama," akasema mwisho, "ningeijua hadithi hii, kidole changu kingekatika kabla hakijanyooka."

"Mm."

"Lakini ninalosomea si hilo."

"Si hesabu?"

"Linaitwa hesabu. Lakini mwaka mzima uliopita sikuhesabu kitu chochote, isipokuwa vikombe vya chai."

"Basi mnafanya nini huko, mnalala?"

Chepchirchir akacheka kwa pua. Chepkemei akajivuta karibu. "Nipe maharagwe kidogo nikuonyeshe. Sitahesabu. Naahidi."

Mama Rahab alimsogezea ungo bila kumtazama, kama mtu anayempa kuku punje.

Chepkemei akasafisha sehemu moja ya ungo kwa kiganja. Akaweka haragwe moja jekundu peke yake. Kisha akachukua mengine meupe, akalizungushia lile jekundu upande mmoja na juu, kama mtu anayejenga ukuta kwenye kona. Yakawa mraba mdogo. Akachukua mekundu tena, akazungushia kona ile ile. Mraba ukakua.

"Unaona umbo lake?"

"Naona. Pande zote sawa. Kama zulia."

"Ongeza wewe. Meupe sasa."

Mama Rahab alisita. Kisha vidole vyake virefu vikaanza kupanga, haragwe kwa haragwe, upande na juu na kona. Mraba ukakua. Akaongeza mekundu bila kuambiwa. Mraba tena. Chepchirchir alikuwa amejivuta na tumbo lake mpaka karibu, anatazama.

"Haukatai," Mama Rahab akasema.

"Haukatai. Na hautakataa. Ukijaza ungo huu, ukijaza jikoni, ukijaza shamba lote la ngano mpaka Keringet, kila ukizungusha kona utapata mraba."

"Nani alifika huko akaona?"

"Hakuna."

"Sasa mnajuaje?"

"Angalia vile unavyozungusha, mama. Kila ukuta mpya unaufunika wa zamani, unarefusha upande huu kwa haragwe moja, upande ule kwa moja, na lile la kona linaziba pengo. Hauna nafasi ya kukosea. Ukiona hivyo mara moja, umeshafika hata kule ambako miguu haifiki. Hiyo ndiyo kazi yangu. Kutafuta yale ambayo ni lazima yawe kweli, na kuonyesha kwa nini."

Mama Rahab aliendelea kupanga. Moto ulipasuka. Nje mvua ilikuwa imepungua ikawa manyunyu.

"Yule mtu wa fimbo," akauliza ghafla, "angekuja hapa, angeweza kuubadilisha huu?"

"Hawezi."

"Na askari wake?"

"Hata na askari. Wala Gavana hawezi, wala Malkia kule kwao. Wanaweza kuupiga teke ungo, maharagwe yakamwagika. Lakini ukiyaokota ukapanga tena, ni yale yale. Wenyewe wakiandika kinyume, ni wao waongo."

"Hawezi kusema imezidi."

"Hawezi, mama."

Mama Rahab aliweka haragwe la mwisho kwenye kona. Alilibonyeza kwa kidole gumba mpaka likakaa. Alikuwa analia, lakini kwa namna ya watu wa umri wake, uso haujabadilika, maji tu yanashuka yenyewe, naye hayapangusi.

"Na mtu akijua kitu kama hiki," akasema, "anaweza kusimama langoni na mtu wa fimbo?"

"Sijui," Chepkemei akasema, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. "Lakini hataziba masikio."

Kisha mama akasimama, akajinyoosha, akakung'uta shuka lake. Alimshika Chepkemei kidevu, akamwinua uso kuelekea mwanga wa mlango, akamtazama kwa yale macho yake, na safari hii kitu kilichotazamwa hakikuona haya.

"Ungeniambia umeacha," akasema, "ningekubali. Halafu ningekujua siku moja, na usingekuwa na raha nyumbani kwangu mpaka nife. Njoo."

Ndani ya nyumba, wanaume walikuwa wamekaa kama watu wa msibani. Kiprugut alikuwa kwenye kona, ameinamisha kichwa, koti amelivua. Mama Rahab hakuketi.

"Mzee Micah," akasema, "nilitoka vibaya. Nimerudi. Msichana huyu nimemwona. Ataniomba radhi mara moja tu, na ameshaomba. Naftaly, endelea na maneno yako ya ng'ombe aliyepotea, na uyafupishe, umezunguka sana."

"Haleluya!" Naftaly akapiga paja. "Na harusi lini, shemeji? Tuseme mwezi ujao? Mtama utakuwa..."

"Harusi akirudi na hiyo digrii yake."

"Akirudi?" Kiprugut aliinuka. "Mama, hapo ni mwaka! Ulisema kesho!"

"Kesho nilisema akiacha. Hajaacha. Akiolewa sasa akashika mimba, nani atamshikia kitabu, wewe? Utangoja."

"Na mimi sikuulizwa?"

"Uliulizwa na nani siku uliyozaliwa?" Mama Rahab akasema, na nyumba nzima, hata mashangazi, hata mtoto aliyefichwa kwenye shuka, ikaangua kicheko. Micah alicheka mpaka akatoa kitambaa. Mama Rahab akainama, akakitemea kifua cha Chepkemei mate ya baraka, kidogo tu, kama umande, namna wazee wanavyofanya kwa mtoto wao wenyewe.

Lori lilipopiga honi njia panda, jua la jioni lilikuwa limetoka chini ya mawingu, na ngano yote ilikuwa inatoa mvuke. Wageni walitangulia, Naftaly akiimba. Kiprugut alibaki nyuma kwenye kijia, na Chepkemei kando yake, na safari hii hakuna aliyewaita.

"Nilisema neno la kijinga pale kwenye pipa," Kiprugut akasema.

"Ulisema."

"Ulimwambia nini mama?"

"Nilimwambia nilichojifunza."

Alitembea akitazama viatu vyake vilivyojaa tope. "Kuna mashine mpya za josho Eldoret, wanataka watu. Nitakwenda huko, kazi itafanya miezi ikimbie. Kila likizo nitashuka Nakuru na garimoshi lako litanikuta pale pale." Akasimama. Akamshika mkono, waziwazi, mbele ya lori na watu wote. "Lakini mwaka ni mwaka, Chepkemei. Huko kuna vijana wa digrii, wanaoelewa kila unachosema."

"Wapo wengi."

"Na hawakuulizi umejifunza nini?"

"Hajauliza hata mmoja."

Honi ikalia tena. Mama Rahab, aliyekuwa ameshapanda juu ya magunia ya pareto, alikuwa anatazama upande mwingine kabisa, kwa bidii kubwa.

"Utaningoja?" Chepkemei akamwuliza.

Kiprugut akaubana mkono wake mara moja, akauachia, akaanza kurudi kinyumenyume kuelekea lorini ili asikose kumwona.

"Nimeshaanza," akasema.